Herufi Moja Katika Damu Yetu

Shambani kwetu,
Penn Yan, New York.
Ijumaa, 19 Machi 2004.

Mpendwa mdogo wangu Verna,

Pokea salamu zetu za upendo, na za baridi pia, maana huku theluji bado imejibanza nyuma ya ghala na haina dalili ya kuondoka. U hali gani? Shemeji yangu Clair je, mgongo umepata nafuu au bado anajikaza kisabuni na kujifanya kijana? Na binti yenu Marlene, miguu imeanza kumvimba? Mwambie aiweke juu ya kiti kila baada ya chakula cha mchana, hata mama mkwe wake akimtazama vibaya.

Sisi tu wazima, namshukuru Mungu. Mzee wangu Irvin anachechemea. Anasema ni viatu. Viatu vyenyewe amevibadili mara mbili tangu Krismasi na bado anachechemea, lakini kwenda kwa daktari hataki kusikia.

Msimu wa utomvu wa miti ya mepo umekuwa mzuri. Usiku kunaganda, mchana kunayeyuka, na ndoo zinajaa kabla hatujamaliza kuzungukia miti yote. Tangu katikati ya Februari nimekuwa kwenye kibanda cha kuchemshia, nakoroga shira na kuengua povu, hata nguo zangu za kanisani zimeshika harufu. Jumapili iliyopita mtoto mmoja wa kina Brubacher aliulamba mkono wangu wakati wa sala.

Utaona barua hii haimo kwenye ile bahasha nene ya barua ya mzunguko inayotupitia sote ndugu saba. Naituma peke yake kwa sababu ni yako. Ina ombi moja, linamhusu Marlene na mtoto anayemtarajia mwezi wa tano. Lakini siwezi kukuomba jambo hilo bila kurudi kwa Nevin wako, na kwa maneno niliyoyasema mimi juu yake. Nimeianza mara tatu, mara tatu nimeichana. Leo nimepiga moyo konde.

Basi nianze na habari. Lester wangu na mkewe Rhoda walipata mtoto wao wa kwanza tarehe 27 Februari, msichana, ratili saba na nusu. Wamemwita Lorene. Nikutoe wasiwasi kabla hujaendelea kusoma: mtoto yuko nyumbani, anakula, na jana amenishika kidole akakataa kukiachia.

Siku mbili za kwanza alinyonya vizuri. Siku ya tatu akawa analala mno. Siku ya nne aliacha ziwa kabisa, akawa analia kwa sauti nyembamba na kuupinda mgongo nyuma. Rhoda alinipigia simu, nikaenda mbio kutoka kibandani nikiwa na aproni yangu. Unanijua nilivyo. Nilimwambia wasichana wa siku hizi wana haraka, mtoto akiona njaa atanyonya. Akaniitikia, "Sawa, mama," akageukia ukutani.

Susanna mkunga ana kawaida yake. Siku ya pili baada ya kuzaliwa, kila mtoto anachokolewa sikio kwa kijiti cha pamba, na Susanna anainusa ile nta. Safari hii dhoruba ya theluji ilimzuia, akafika siku hiyo ya nne, asubuhi kama saa tatu. Alichokoa sikio la Lorene, akanusa, akakunja uso, akanusa tena.

"Nanusa shira," alisema.

"Usiponusa shira kwetu mwezi wa tatu, utainusa wapi?" nikamwambia. "Humu hata paka ananukia sukari."

Hakucheka. "Alta, hebu nitokee na hiyo aproni yako. Toka kabisa, funga na mlango."

Nikatoka. Mara na yeye akatoka bila koti, akanipita hapo barazani, akaenda hadi katikati ya uwanja penye theluji tupu. Akasimama pale anavuta pumzi, taratibu, kama mtu anayeiosha pua. Ndipo akakileta kijiti puani. Nikayaona mabega yake yanashuka.

"Njoo unuse na wewe," alisema. "Ila pumua kwanza hewa safi. Vua hiyo aproni."

Niliitupa aproni juu ya theluji nikanusa. Hapakuwa na sufuria wala mvuke wala kuni pale, na harufu ilikuwepo, tamu, ya sukari inayotaka kuungua. Verna, niliitambua. Sikuitambua kwa sababu ya kuchemsha utomvu. Niliitambua kwa sababu ya nepi za Nevin.

Susanna alishaingia ndani kupiga simu. Dereva wa gari la kukodi alifika baada ya dakika ishirini, na kabla ya saa sita Lorene alikuwa hospitalini ametundikiwa maji ya sukari. Kesho yake tulipelekwa kwenye kliniki moja kule Pennsylvania ambako watoto wengi wa kanisa letu wanatibiwa. Tulikaa siku tisa. Daktari alisema tungechelewa siku mbili nyingine, ubongo ungekuwa umevimba.

Njia nzima mle garini nilifumba macho. Irvin alidhani naomba. Nilikuwa najiona nimesimama chumbani kwako mwaka sabini na tisa, nina nepi ya Nevin mkononi, mama yetu upande mmoja na mama mkwe wako upande mwingine, nikisema, "Verna, umekuwa ukimrambisha mtoto shira." Wewe ulisema hapana. Nami nikanyanyua kopo la shira lililokuwa kando ya kitanda chako nikawaonyesha. Ulikuwa unakula na mkate, sote tunakula na mkate. Nevin alikufa siku tatu baadaye, akiwa na siku kumi na moja duniani, na toka hapo hakuna mtu katika ukoo huu aliyesema alikufa kwa ugonjwa. Walisema ulikuwa mdogo, hukujua. Mlipohamia Missouri nilijiambia mmefuata ardhi.

Na kuna jambo la aibu zaidi, nalo nitaliandika. Ugonjwa huu si mgeni kwetu. Kwa miaka nilikuwa nausikia, kwa kina Nolt, kwa watoto wa binamu zetu, ule wanaouita ugonjwa wa mkojo wa shira. Nilisikia nikapitisha sikio jingine. Kila nilipoanza kumwaza Nevin, nilikumbuka kazi fulani jikoni. Pengine wewe ulishaunganisha mambo siku nyingi ukanyamaza. Kama ni hivyo, kunyamaza kwako kunaniuma kuliko kama ungenitukana.

Kule kliniki daktari alituketisha mimi, Irvin, Lester na Rhoda, akatueleza polepole. Rhoda ndiye aliyeuliza kwanza.

"Nilikula nini?"

"Hukula kitu," daktari alisema. "Kila mama anaingia hapa na swali hilo. Hukula kitu, hukuinua kitu, hukufanya kitu."

Nitakueleza nilivyoelewa, na pale nitakapokosea Clair atanisahihisha, maana yeye ndiye msomaji. Ndani ya mwili wa kila mtu kuna maelekezo yaliyoandikwa kwa herufi nne tu, zinazorudiwarudiwa. Sehemu ya maelekezo inayoeleza namna ya kutengeneza protini moja ndiyo wanayoiita jeni. Protini yenyewe ni mnyororo wa vipande vidogo vinavyofuatana, kama shanga kwenye uzi. Sisi hatuvai shanga, lakini nilielewa. Mnyororo ukikamilika unajikunja ukapata umbo lake, na ni lile umbo linalofanya kazi. Umbo likiharibika, kazi hakuna, hata kama shanga zote nyingine ziko mahali pake.

Protini inayotuhusu ina kazi ya kuvunjavunja vipande fulani vinavyotoka kwenye chakula, hasa maziwa, mayai na nyama. Kwa baadhi ya watu wetu, herufi moja ya jeni yake imebadilika. Moja tu, katika mamia kwa mamia. Kwa ajili hiyo mwili unaweka kipande kingine mahali pa kile kilichotakiwa, na protini inashindwa kushikana na wenzake ambao inapaswa kufanya kazi pamoja nao. Vile vipande vya chakula havivunjwi. Vinajaa kwenye damu, vinapanda kichwani, na vingine vinatoka na mkojo na nta ya masikio vikinukia sukari.

Irvin hakukubali. "Herufi moja?" alisema. "Mimi naandika jina la mji wa Filadelfia vibaya miaka arobaini sasa, na barua zote zinafika."

"Ndivyo ilivyo hata mwilini," daktari alisema. "Makosa mengi ya herufi hayana neno. Mengine yanabadilisha kipande kimoja, protini ikaendelea na kazi yake bila shida. Mengine yanakata sentensi katikati, protini ikatoka nusu. Na mara chache herufi moja inaangukia pale pale pasipotakiwa."

Nilirudi kwenye chumba tulichopewa nikachukua bahasha iliyotumika. Nilitaka kujaribu mwenyewe. Nilikumbuka maelekezo ya mkate ya mama, yale tuliyoyanakili sisi sote tulipoolewa, nikaandika mstari wa kwanza: tia maziwa. Kisha nikabadili herufi moja nione, herufi moja tu, ya tatu. Maziwa yakawa makiwa, neno la msibani. Niliiweka kalamu chini. Sikuendelea na mchezo huo, na bahasha niliichana ili Rhoda asiione.

Daktari alisema kosa hili limetoka mbali, kwa mtu mmoja aliyevuka bahari na wazee wetu, na tumekuwa tukilinakili toka wakati huo, kizazi baada ya kizazi, kwa uaminifu ule ule tunaonakilia kila kitu. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hiyo, moja ya baba na moja ya mama. Ukiwa na nakala moja yenye kosa huna dalili yoyote, kwa sababu ile nzima inatosha kazi. Mtoto anayepata mbili zenye kosa ndiye anayeugua. Kati yetu karibu mmoja katika kumi anayo nakala moja na hajui.

Mimi ninayo. Nimepimwa, Irvin hana, kwa hiyo Lester ameirithi kwangu. Irvin anasema amekuwa akidai kwa miaka ishirini na tano kwamba kasoro zote za Lester zimetoka upande wangu, na sasa ana karatasi ya daktari. Nilimwambia karatasi hiyo haielezi habari za kuchechemea.

Baada ya hapo wengine walipokwenda kumtazama mtoto, mimi nilibaki nyuma. Nilikuwa na swali langu, nilikuwa nalo toka kwenye theluji.

"Daktari, mtoto mchanga akirambishwa shira, nepi yake itanuka namna ile?"

"Hapana."

"Hata akipewa nyingi?"

"Hata umpe kikombe kizima. Harufu ile haitoki mdomoni kwa kijiko. Mwili wenyewe unaitengeneza." Akanitazama. "Nani alirambishwa?"

Nikamweleza habari za Nevin. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza siku ngapi, alilia vipi, mgongo ulipinda vipi. Alisema bila damu ya mtoto hawezi kuapa, lakini kwa hayo niliyomwambia hana shaka. Maana yake wewe unayo nakala moja na Clair anayo moja, na Nevin alizichukua zote mbili. Watoto wenu waliofuata walikuwa na bahati, kila mmoja kwa zamu yake.

Sasa ombi langu. Marlene anaweza kuwa na nakala yenye kosa kutoka kwako au kwa Clair, na daktari anasema uwezekano ni mkubwa kuliko kutokuwa nayo. Mume wake ni wa watu wetu. Nimetia humu kadi mbili za kliniki, zina viduara vilivyochorwa. Marlene achomwe kidole, ajaze viduara vya kadi yake kwa matone ya damu, na mumewe vilevile. Zikauke juu ya meza kwa saa kadhaa, kisha zitumwe kwa anwani iliyo nyuma. Kuchomwa huko hakuumi kuliko sindano ya kushonea. Kama wote wawili wanayo, kliniki itamtayarishia mtoto maziwa ya unga yasiyo na vile vipande, ayakute yanamsubiri. Lorene anayatumia hayo, pamoja na kipimo kidogo cha maziwa ya Rhoda. Damu yake inapimwa kila wiki. Atakuwa mtoto kama watoto wengine, isipokuwa hatakula soseji za Irvin, na hapo sioni hasara yoyote.

Hata kadi zikichelewa, mtoto apimwe damu siku ya kwanza. Uliniandikia kwamba mkunga wenu huko bado ni binti mdogo na hapendi vipimo. Mwambie anuse nta ya sikio siku ya pili. Tena asinuse jikoni. Atoke nje.

Najua Marlene atakuuliza kwa nini, na wewe itakubidi umwambie kuhusu kaka yake, na utakapomwambia utafika kwenye jina langu. Mwambie yote. Usinifiche.

Maneno yale niliyasema mbele za watu, kwa hiyo nimeyafuta mbele za watu. Jumanne nilikwenda kwa mama mkwe wako. Ana miaka themanini na minane, masikio yamekwisha, ikanibidi niyaseme kwa kupaza sauti na majirani wakiwa sebuleni. Nilisema, "Verna hakumrambisha mtoto kitu. Mimi nilimsingizia." Alinifanya nirudie mara mbili. Sijui kama hakusikia au alitaka kunisikia tena. Kisha akavua miwani akalia, akasema angependa kukuona kabla hajafa. Na katika barua ya mzunguko nimeandika ukurasa mzima, itawafikia ndugu zetu mmoja mmoja, nawe utaisoma mwisho.

Lakini nakujua. Ukifika hapa utakuwa umeshaacha wazo la shira na kushika lingine, kwamba basi ni maziwa yako yaliyomuua. Naomba ulitupe wazo hilo. Maziwa yako yalikuwa mazima. Hakuna anayejua hilo kuliko mimi, na ndilo jambo ambalo hatujawahi kulitaja hata mara moja mimi na wewe.

Wiki moja baada ya kumzika Nevin, mimi nilishikwa na homa ya matiti, nikawa sijitambui. Lester alikuwa na wiki sita. Wewe ulikuja kwa miguu kwenye matope, kifua chako kimejaa na huna wa kumpa, ukamchukua mwanangu ukamnyonyesha siku kumi na nne. Sikukuita. Hakuna aliyekutuma. Nilipopata nafuu nilikuona umekaa kwenye kiti changu naye yuko kifuani, amelala, ana mashavu. Nikageuza uso. Nilikuacha umnyonyeshe mwanangu, na maneno yangu nikayaacha yalivyo.

Juzi nilimwambia Lester. Hakuwa anajua, hakuna aliyewahi kumwambia. Alikuwa anachanganya maziwa ya Lorene, akaendelea kukoroga kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Kisha akasema, "Basi, mama, mimi nina mama wawili. Na mmoja ana deni la kumwomba mwenzake radhi toka sijaota meno."

Nakuomba radhi, Verna. Sikuombi unijibu. Nakuomba kadi tu, zijazwe.

Msalimie sana shemeji Clair, na Marlene na mumewe, na wadogo zake wote. Irvin anawasalimu, Rhoda na Lester wanawasalimu, na Lester ameniambia niandike kwamba mwezi wa tano akipata dereva atakuja mwenyewe na Lorene, akuone. Mungu akulinde katika kuingia na kutoka, amfikishe Marlene salama, na ampe atakayezaliwa siku nyingi kuliko alizopewa kaka wa mama yake.

Ni mimi dada yako akupendaye, niliyechelewa miaka ishirini na mitano,

Alta